Neno "kucheza" na wiki tatu za hofu ya binti yangu

Binti yangu alivunja ungo akiwa na miaka 12, asubuhi ya Jumamosi, akaniita kutoka bafuni kwa sauti ya mtu aliyejikata na kisu. Nilimfanyia kama nilivyofanyiwa mimi: nikampa pedi, nikamwonyesha namna ya kuivaa, nikamfungia kanga kiunoni, kisha nikamwambia, "Sasa umekuwa mtu mzima. Ukicheza na wavulana utapata mimba." Nikarudi kwenye beseni langu la nguo nikiamini kwamba nimeshatimiza wajibu wa mama. Sikujua kwamba sentensi ile moja ingemtesa mwanangu miaka miwili baadaye, wala sikujua kwamba ningekuja kuisikia tena kutoka kinywani mwake, neno kwa neno.

Aliniambia Ramadhani iliyopita, akiwa ametimiza miaka 17. Tulikuwa tumekaa ukumbini hapa kwetu Mbagala, sinia la mchele katikati yetu, tukitoa chuya na vijiwe kabla ya kuinjika chakula cha daku. Mtoto wa jirani, kijana wa miaka miwili na kitu, alikuwa amekuja mlangoni analia, nikampa ndizi akanyamaza, mama yake akaja kumchukua. Walipoondoka binti yangu hakuinua macho kutoka kwenye sinia. Akasema, "Mama, unakumbuka ulivyosema siku ile ilipojulikana ana mimba ya huyu mtoto?"

Nilikumbuka. Yule mama wa mtoto alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu wakati huo, na siku habari ilipofika kwetu nilikuwa jikoni na shoga yangu. Nilisema, kwa sauti ambayo sikuona haja ya kuipunguza, "Angekuwa wangu mimi, angetafuta pa kwenda." Binti yangu alikuwa nyuma yangu anaosha vyombo. Nilichokisikia mimi ni maji ya bomba kufungwa, nikadhani amemaliza kazi.

Kumbe wiki hizo hizo, yeye mwenyewe akiwa na miaka 14, alikuwa anahesabu siku nyuma ya daftari lake la hisabati. Timu yao ya mpira wa pete ilikuwa imeshinda, darasa zima likaingia uwanjani kwa shangwe, na mvulana mmoja akamkumbatia. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Mwezi uliofuata hedhi haikuja. Somo la baiolojia lilikuwa halijafika kwenye uzazi, na alichokisikia shule ya msingi kilipitishwa haraka haraka darasa likicheka, kwa hiyo ushahidi pekee aliokuwa nao ni kauli ya mama yake: ukicheza na wavulana utapata mimba. Alikuwa "amecheza". Kwa wiki tatu mwanangu alilala chumba kinachopakana na changu akiamini kwamba ana mimba na kwamba ikijulikana itambidi atafute pa kwenda. Alikuwa ameshafikiria hata pa kwenda. Kisha hedhi ikaja yenyewe, naye akanyamaza miaka mitatu.

Nimeandika haya kwa ruhusa yake, na naandika kwa sababu najua siko peke yangu. Tunadhani tumewaonya watoto, kumbe tumewapa mafumbo. Neno "kucheza" kwangu lilikuwa na maana moja inayoeleweka, na kwa mtoto wa miaka 12 lilikuwa na maana yake halisi, ile ya rede na kombolela. Tungeweza kumwambia ukweli kwa sentensi mbili: kwamba mimba hutungwa mbegu za mwanamume zikikutana na yai la mwanamke, na kwamba kwa kawaida hilo hutokea kwa tendo la ndoa, na kwamba kwa miaka miwili mitatu tangu kuvunja ungo hedhi hupishana, mzunguko ukawa wa siku 21 mwezi huu na wa siku 45 mwezi mwingine, bila ugonjwa wala mimba. Sentensi mbili hizo zingemwokoa na wiki tatu za hofu. Mimi nilizijua zote mbili.

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo haya ni ya kuiga, kwamba sisi watu wa Pwani tuna haya zetu. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na alipovunja ungo aliwekwa ndani kama mwali, akakabidhiwa kwa mwanamke mzima aliyejua kazi yake, akafundishwa mwili wake kwa nyimbo na maneno ambayo hayakupindwa hata kidogo. Haya ilikuwa ya kutosema mbele za watu. Mbele ya mwali kungwi alisema kila kitu. Hata madrasa, ambako nasi tumepeleka watoto wetu wote, ustadhi huwafundisha hedhi na janaba na namna ya kuoga, kwa sababu twahara haiwezi kufundishwa kwa mafumbo. Dini haikuona aibu kuyataja. Aibu hii ya kunyamaza kabisa ni yetu sisi wazazi wa mjini, na haina umri mrefu.

Kilichotokea ni kwamba wale waliokuwa na kazi hiyo wametawanyika. Mama yangu hakunifundisha kitu kwa sababu kwa mila zake kazi ile ilikuwa ya shangazi, na shangazi alikuwa Tanga analea watoto wake. Somo, yule kungwi wa kumfunda mwali, hakuwepo. Bibi alikuwa kijijini, tukimwona mara moja kwa mwaka. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ameshasema, nami nikafika kwenye ndoa nikiwa nimejifunza kutoka kwa wasichana wenzangu ambao nao walikuwa wanabahatisha. Kwa wavulana naona hasara imekuwa kubwa zaidi. Jando lilikuwa na kisu na lilikuwa na mafunzo. Leo mtoto wa kiume anapelekwa hospitalini wakati wa likizo, anatahiriwa salama, anapewa kanzu mpya na soda, na mafunzo hakuna. Mwanangu wa kiume alitahiriwa akiwa na miaka 5. Tulichukua kisu tukaacha maneno.

Sisemi turudi unyagoni kama ulivyokuwa. Bibi mwenyewe aliniambia kwamba sehemu kubwa ya aliyofundishwa ilihusu kumridhisha mume, naye alikuwa bado mtoto, na hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kuolewa. Ninachotaka kutoka kwake ni kitu kimoja tu: mtu mzima aliyekaa na mtoto, akayaita mambo kwa majina yake.

Majina yenyewe yalinishinda mwanzoni. Kiswahili hakina upungufu hapa, kina uke na uume, mji wa mimba, korodani, manii, hedhi, maneno yaliyomo katika vitabu vya shule na yasiyo na matusi ndani yake. Lakini mdomo wangu ulizoea "huko chini" na "sehemu za siri". Hili la "siri" nimelifikiria sana. Tunamwambia mtoto tangu akiwa mdogo kwamba ile ni sehemu ya siri, kisha tunashangaa kwamba mtu mzima alipomgusa pale hakusema. Alitunza siri kama tulivyomfundisha. Sasa kwa mdogo wao wa miaka 7 nasema majina, na naongeza kwamba hakuna siri ya mwili ambayo mama hapaswi kuijua, hata kama aliyekwambia uifiche ni mjomba, mwalimu au ustadhi.

Baada ya usiku ule wa Ramadhani niliomba radhi. Si jambo jepesi kwa mzazi wa kwetu kumwomba mtoto radhi, na nilipoanza nilikuta natetea kauli yangu badala ya kuiacha, hadi nikanyamaza na kusema tu, "Nilikosea. Ungekuwa na mimba kweli, nyumba hii ingekuwa pa kwenda." Alitoa vijiwe vitatu vya mchele, akaviweka kwenye ukingo wa sinia kimoja kimoja. Kisha akasema, "Sasa niambie vizuri." Nikamwambia vizuri. Tangu siku hiyo mchele ndiyo baraza yetu, kwa sababu mikono ina kazi na macho yana pa kutazama, na mtoto anaweza kuuliza jambo zito bila kulazimika kuniangalia usoni. Nimejaribu pia kumwita na kumkalisha kitako kama kikao cha harusi. Alijibu "sawa" na "ndiyo" mpaka nikamwachia aende zake.

Nilimwambia matakwa yangu bila kuyaficha: natamani asubiri, amalize shule, na dini yetu inasema asubiri. Lakini nilimwambia na mengine, kwa kuwa matakwa yangu hayamkingi na kitu. Nilimweleza kwamba mbegu za mwanamume huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, na ndiyo maana hesabu ya "siku salama" wanayopeana shuleni haimfai msichana ambaye mzunguko wake bado unapishana. Kwamba mara ya kwanza mimba huingia kama mara nyingine yoyote. Kwamba kondomu hupunguza sana hatari ya mimba na ya VVU pia, na kwamba kile kidonge wanachokiita P2, ambacho nilikuta anakifahamu kuliko nilivyodhani, ni cha dharura cha kuzuia mimba, humezwa mapema kadiri inavyowezekana na si zaidi ya siku chache, na hakizuii ugonjwa hata mmoja. Nilihofu kwamba namfungua macho. Mwongozo wa UNESCO uliotolewa upya mwaka 2018 ulipitia tafiti za nchi nyingi ukakuta kwamba elimu hii haiwafanyi vijana waanze mapema, lakini kilichonituliza zaidi ya utafiti ni kuona kwamba karibu kila neno alikuwa ameshalisikia mahali, na nusu yake alilisikia vibaya.

Nilijutia pia nafasi zilizopita. Mwaka ule ule wa hofu yake alichanjwa shuleni ile chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na ambayo tangu 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Alirudi nyumbani akauliza ni ya nini. Nikajibu, "Ya saratani." Mlango ulikuwa wazi kabisa, kwa kuwa kirusi chenyewe huambukizwa kwa kujamiiana, na nikaupita kama sikuuona.

Jambo ambalo wazazi wa Dar es Salaam tunalisema vibaya kuliko yote ni suala la wanaume wakubwa. Tunaliita tamaa. "Watoto wa siku hizi wana tamaa, chipsi na soda tu." Nendeni kituo chochote kando ya Barabara ya Kilwa saa kumi na mbili jioni mkawaangalie wanafunzi waliovaa sare. Nauli yao ni shilingi 200, konda anataka abiria wa nauli kamili, basi linasimama mlango ukiwa umebanwa, linaondoka. Wanasimama saa nzima, giza linaingia. Hapo ndipo anapokuja dereva wa bodaboda anayemjua kwa jina, au mwenye gari anayeteremsha kioo. Mtoto anataka kufika nyumbani. Leo lifti, kesho lifti na chipsi, keshokutwa simu, na siku moja anaambiwa kwamba ana deni. Redio ilitufundisha neno "fataki" kwa watu hawa miaka ile, na neno likabaki mitaani, lakini tumelifanya la kumcheka msichana badala ya kumtambua mwanaume. Mimi na binti yangu tulikubaliana kwamba daima atakuwa na nauli ya mtu mzima iliyokunjwa ndani ya soksi, na kwamba ikishindikana apige simu, tutamlipa hapa nyumbani aliyemleta, iwe saa ngapi, na maswali yatasubiri asubuhi. Shilingi zile ni mazungumzo pia.

Nilimsomea na sheria, maana wengi hawaijui. Tangu mwaka 1998, chini ya sheria ya makosa ya kujamiiana, mwanaume anayefanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mkewe amebaka, hata kama msichana alisema ndiyo, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yakaweka miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Nilimweleza kwamba likimfika la kulazimishwa, asioge, tuende pamoja hospitali kabla ya saa 72 kwa sababu dawa za kuzuia VVU zina muda wake, na kwamba polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 hupigwa bure kwa ajili ya watoto. Nilisema yote haya kwa dakika chache tu, kwa sababu niliona uso wake unavyobadilika. Sikutaka mapenzi yabaki kichwani mwake kama orodha ya makosa ya jinai.

Kwa hiyo siku nyingine tulizungumza kuhusu kupenda kwenyewe. Hili wazazi wengi tunaliruka kabisa, na naliona ndilo wanalolingojea. Aliniuliza nilijuaje kwamba baba yake ananipenda. Nilifikiri muda mrefu, nikamwambia kwamba tukiwa wachumba niliwahi kumkatalia kwenda naye sehemu, akasema "sawa", na wiki iliyofuata akaja vile vile, hajanuna, hajanidai kitu. Nikamwambia amtazame mvulana anavyopokea neno hapana katika mambo madogo, kama picha anayotaka utume au nenosiri la simu yako. Akasema yupo rafiki yake ambaye kila jioni lazima ampigie mpenzi wake simu ya video kuthibitisha yuko nyumbani, na wenzake wanamwonea wivu kwamba anapendwa. Tulilizungumza hilo mpaka mchele ukaisha, nami sikumuuliza rafiki huyo ni nani.

Kutouliza huko kumenigharimu nguvu. Nimejifunza kwamba habari za "rafiki yangu" ndizo anazonipimia. Akinisimulia ya mwenzake nikamtukana mwenzake, ameshapata jibu lake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshapata ujauzito, kutoka asilimia 27 katika utafiti wa 2015-16. Bado ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano. Katika kila nyumba kuna habari ya msichana fulani, na katika kila nyumba kuna mtoto anayeosha vyombo nyuma ya mama yake, anasikiliza anavyosemwa yule fulani. Jirani yetu yule, kwa taarifa yenu, alirudi shule, kwa kuwa tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua waendelee na masomo. Nilimwendea mama yake kumwomba radhi kwa maneno ambayo pengine hayakumfikia. Yalikuwa yamemfikia.

Mvulana wangu sasa ana miaka 13, na huku kwake tulikuwa hatujasema lolote isipokuwa "usije ukaleta aibu". Mwezi uliopita niliamka alfajiri nikakuta shuka limeanikwa kwenye kamba, limefuliwa usiku, na mtoto ambaye sahani yake mwenyewe huwa haoshi amejifanya amelala. Nilielewa. Nikamwambia baba yake kwamba hili ni lake, na asingoje Ijumaa. Alisitasita sana, baba yake mwenyewe hakuwahi kumwambia neno. Walitoka pamoja kwenda kinyozi, wakarudi kwa miguu njia ndefu ya kupitia sokoni.

Usiku mume wangu alinieleza. Alianza kwa kumwambia mtoto kwamba ndoto ile ya kutokwa na manii huwapata wavulana wengi wakibaleghe, kwamba si ugonjwa na si dhambi, na kwamba yeye naye alifua shuka lake gizani akiwa na umri huo. Mtoto akacheka, kisha akauliza maswali matano. Baba yake alijibu matatu, na kwa mawili akamwambia, "Hilo silijui, nitakuulizia." Akanitajia yale mawili tukiwa tumezima taa. La kwanza nililijua. La pili, kuhusu maumivu anayoyapata wakati mwingine kwenye korodani akicheza mpira, sikulijua wala yeye hakulijua, na muuguzi wa zahanati yetu ametuambia Jumatatu asubuhi waje wote wawili.